Gomesi ya Zambarau na Cherehani ya Mama

Ukinikuta kwenye kwanjula yoyote ya ukoo wetu, yaani sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, nimevaa gomesi ya zambarau, vazi refu la wanawake wa Uganda. Ninazo nyingine, lakini hii ndiyo inayonikaa. Kitambaa nilikichagua Kiyembe, mtaa wa vitambaa Kampala, mita sita za hariri laini yenye mng'ao wa mbali, nikakishona kwa cherehani ya kukanyaga aliyoniachia mama. Kwa cherehani hiyohiyo mama alishonea nusu ya kambi ya polisi ya Nsambya: mashati ya kaki, sare za shule, mapazia. Watoto wa kambi tulikuwa wa makabila yote na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, kwa hiyo bobini, pindo na mkanda niliyajua kwa Kiswahili kabla sijayasikia kwa Kiganda.

Mwaka huu binti wa kaka yangu alimleta mchumba wake nyumbani, na mimi ndiye ssenga, yaani shangazi anayemsimamia bibi arusi. Siku hiyo ssenga hakai. Unatoka, unapiga magoti, unasalimia, unaenda kumtafuta bwana arusi kati ya wageni, unarudi. Nilipopiga magoti mbele ya wakwe, nikasikia mshono wa bega la kushoto ukiachia. Asiyeijua gomesi aelewe kwamba bega ndilo fahari yake: limeinuka, lina ncha, na macho ya watu huanzia hapo. Langu lilifunguka kutoka kwenye ncha hadi karibu na kwapa.

"Wifi, usinyanyue mkono," mke wa kaka alininong'oneza. Akatoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa, akanibana kwa ndani huku akijifanya ananikumbatia. Shughuli ikaenda vizuri na mahari ikapokelewa. Lakini moyo uliniuma, kwa sababu bega hilo nilikuwa nimelishona upya wiki chache tu nyuma.

Nyumbani niliigeuza gomesi ndani nje. Kitambaa hakikuchanika hata kidogo. Kilichoharibika ni mshono: uzi wa chini ulilala umenyooka moja kwa moja, na uzi wa juu ukauzunguka kwa vitanzi vilivyolegea. Nikauvuta ule wa chini kwa kucha, ukatoka wote mzima. Mshono mzuri haukubali hivyo. Nyuzi mbili hufungana katikati ya kitambaa, huoni vitanzi juu wala chini. Vitanzi vikionekana chini, mara nyingi ni uzi wa juu ndio haukubanwa.

Ndugu zangu walikuwa na jibu moja: tupa cherehani hiyo, nunua ya umeme. Mimi nikaing'oa kichwa kutoka mezani, nikakifunga kwa leso, nikampelekea mzee mmoja anayetengeneza vyerehani mjini. Ni Singer 15K, namba yake inaanza na herufi E, yaani ilitoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Mzee hakuyajali hayo. Alizungusha gurudumu kwa mkono, akasikiliza, kisha akafungua vile visahani viwili vinavyoubana uzi wa juu.

"Nyabo," yaani mama, "njoo uone."

Katikati ya visahani palikuwa na vumbi la nyuzi lililogandamana likawa bamba jembamba. Alilitoa kwa ncha ya sindano, akaliweka kwenye kiganja changu. Kwa juu lilikuwa kijivu, na lilipovunjika, ndani mlikuwa na chembe za kaki. Kaki! Miaka mingi sana sijashona kaki mimi. Ile ilikuwa kazi ya mama. Bamba hilo ndilo lililovizuia visahani visikutane, kwa hiyo hata ukikaza skrubu mpaka mwisho, uzi unapita tu. Kwenye pamba nzito kasoro ilijificha. Hariri inayoteleza ikaifichua.

Mzee alipitisha kitambaa chenye mafuta ya taa kati ya visahani, akabadilisha springi iliyochoka pamoja na nyumba ya bobini. Alizoweka zilikuwa za cherehani za Kichina za Butterfly, kwa maana umbo la 15 limeigwa sana, na vipuri hivyo vinaingia bila shida. Sindano pia aliibadilisha: akatoa namba 14 akaweka namba 11, inayofaa kitambaa chepesi.

Mkasa wa pili ulitokea nilipokuwa narudishia bega. Mafuta mapya yalishuka kwenye fimbo ya sindano, yakadondoka juu ya zambarau, doa la ukubwa wa kifungo. Nililifunika kwa poda ya mtoto usiku kucha ili inyonye mafuta, kisha nikapaka sabuni ya vyombo bila kusugua. Limebaki kivuli tu, na kipo upande unaofunikwa na mkono. Tangu hapo, cherehani ikitiwa mafuta, kwanza inashona kitambaa kikuukuu mpaka sindano itoke kavu. Na kwa hariri naweka karatasi nyembamba chini yake, kwa kuwa meno ya cherehani yanayosogeza kitambaa yamelika na hayaivuti sawasawa. Nikimaliza naichana karatasi.

Watu husimulia kwamba fundi wa Kigoa aitwaye Gomes ndiye aliyewashonea wasichana wa Gayaza vazi hili, katika shule iliyoanzishwa mwaka 1905, na jina likabaki. Mimi humfikiria kila ninapofika kwenye vifungo viwili vya kushoto, maana ndipo kazi ilipo ngumu kuliko pote.

Bega sasa limeshika. Nimelivuta kwa nguvu zangu zote na mshono haukulia. Binti wa kaka ameshaniletea kitambaa chake cha kijani, anataka gomesi ya kwenda kuwaona wakwe Masaka, na ameomba ishonwe kwa cherehani ya bibi yake. Kesho nakata mabega.