Zipu, shangazi na hatua elfu kumi na nane

Hii ilikuwa 2021, kabla ya harusi ya mdogo wetu wa Chumbageni. Watu ukiwauliza kwanini wamepakua apu za mazoezi watakwambia afya, presha, sukari, moyo. Mi sitaki kumdanganya mtu, mi nilipakua kwa sababu ya zipu.

Shangazi ndo alikuwa anatushonea sare za lesi. Alinipima mwezi wa kwanza akaandika vipimo kwenye daftari lake lile lililochanika jalada, mwezi wa nne nikaenda kujaribisha gauni, likapita kichwani, likapita kifuani, zipu ikafika mbavuni ikagoma. Shangazi akavuta, akapumzika, akavuta tena, akanambia "bana tumbo", nikabana mpaka nikaona nyota na zipu ipo palepale. Akanipima upya kimyakimya, pini zimejaa mdomoni, akatazama futi, akatazama daftari, akatoa pini moja moja ndo akasema "mwanangu, umenawiri". Kwetu Tanga ukiambiwa hivyo huku mtu ameshika futi ujue umetukanwa kwa heshima zote. Na mabinamu zangu wawili walikuwa wamekaa hapohapo mkekani wanasubiri zamu yao, wakajifanya wanaangalia dari.

Kumbe na wao zipu zao zilikuwa hivyohivyo, maana usiku huohuo likafunguliwa grupu la WhatsApp. Kila mtu apakue apu ya kuhesabu hatua, saa nne usiku unatuma skrinishoti, atakayekuwa wa mwisho kwa wiki Jumapili ananunua soda na visheti. Ndo hivyo, mtu anataka kupungua na zawadi ni visheti, tusiulizane.

Basi nikaanza. Alfajiri natoka Ngamiani napita Bombo naenda mpaka Raskazone, bahari iko kushoto, kisiwa cha Toten kile kimelala katikati ya maji, upepo safi kabisa, na mimi wala sivioni, naangalia simu kila nguzo ya umeme. Siku moja simu ikazima chaji nikiwa nimeshatembea karibu saa nzima. Nilisimama pale barabarani nikaishiwa nguvu kama mtu aliyeibiwa. Miguu inauma, jasho linatiririka, lakini nitaonyesha nini saa nne? Nikapanda bajaji nikarudi nyumbani. Hapo ndo nilijua siko kwenye mazoezi mimi, niko kwenye grupu.

Binamu wa Makorora, mvivu kuliko wote na ndo admini, yeye badala ya kutembea akawa anasoma. Akatuletea kwamba hizo hatua elfu kumi mnazokimbizana nazo hazikutoka kwa daktari, zilitoka Japani 1965, kampuni ilitengeneza kidude cha kuvaa kiunoni cha kuhesabu hatua wakakiita manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi, namba ikapendeza ikabaki. Halafu akaleta na utafiti wa Marekani wa 2019, kina mama watu wazima, wastani miaka 72, waliofika hatua kama 4,400 kwa siku vifo vyao vilikuwa vichache kuliko wale wa 2,700, na ukipita 7,500 hivi faida haikuwa inaongezeka tena. Kwahiyo anaomba kiwango kishuke. Tukamwambia wewe sio bibi wa miaka 72, nunua visheti.

Wiki ya tatu shangazi naye akaomba aingizwe. Tukacheka, tukamuingiza. Saa nne usiku akatuma skrinishoti yake: 18,347.

Grupu likanyamaza. Shangazi huyu ambaye sokoni anatuma mtoto, mgongo unamsumbua, akitoka kwake Barabara ya 12 labda kuna msiba! Kesho yake 17,902. Keshokutwa 19,000 na kitu. Wengine wakasema simu mbovu, wengine wakasema anatembea usiku. Nikatumwa mimi nikachunguze, kwa kisingizio cha kuulizia gauni.

Nikapiga hodi mchana. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, pita, nakumalizia lako." Yuko kwenye cherehani yake ya kukanyaga, ile ya miaka yote, gauni langu liko chini ya sindano, amelifumua ubavuni analipanua. Nikaona ndani ya mshono kitambaa kama inchi mbili kilichokunjwa. Alikiacha tangu mwezi wa kwanza. Alijua!

Halafu macho yakashuka chini. Mguu wa kulia amevaa soksi ndefu, joto lote lile la Tanga, soksi moja tu, na ndani ya soksi imetuna simu. Kikanyagio kinapanda kinashuka, na simu nayo. Hizi simu hazina macho bwana, ndani mna kitu kinahisi mtikisiko tu, kikitikiswa kama mwendo wa mtu kinaandika hatua.

"Shangazi, hiyo simu..."

"Nilikuwa naiweka mapajani, ikawa haihesabu vizuri."

Hata hakusimamisha mashine. Akanieleza kuwa binti yake wa Muscat ndo alimuwekea hiyo apu, aliposikia kliniki wamemwambia atembee kwa ajili ya presha, na kamwahidi kila mwezi akifikisha elfu kumi kila siku anamtumia hela yake pembeni. Mwezi uliopita ametumiwa.

Nikabaki namtazama.

"Usinitazame hivyo. Miguu inakanyaga, haikanyagi?"

"Inakanyaga shangazi."

"Haya basi. Lete na hiyo ya kwako, mguu wa kushoto upo bure. Nikimaliza hili gauni lako nina sketi za shule kumi na nne."

Nilisita kidogo, sio sana. Akanirushia soksi ya pili, nikainama nikamvisha mwenyewe, nikakaa mkekani nikaletewa chai na mkate wa kumimina.

Saa nne usiku nikatuma skrinishoti, hatua 16,212. Binamu wa Makorora akaandika, "Mashaallah, leo umepita njia gani?"

Nikamjibu Barabara ya 12.