Hesabu Huanzia Wapi? Kutoka Nakuru hadi Maseno

Kondakta alisimama mlangoni mwa matatu akatuhesabu kwa kutunyooshea kidole, kichwa baada ya kichwa, mpaka akatimiza abiria kumi na wanne. Mzee Mkipsigis niliyeketi naye hakupenda. Aligeuza uso dirishani hadi kidole kikampita. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, watu hawahesabiwi hivyo. Hata ng'ombe hawahesabiwi."

Nilishawahi kusikia mwiko huo, maana jamii nyingi za huku huona kwamba kutaja idadi ya watoto au mifugo ni kuita balaa. Lakini sikuwa nimempata wa kunieleza anavyoishi nao. Nikamuuliza, "Basi mzee, mmoja akipotea utajuaje?"

"Kila ng'ombe ana jina na rangi yake. Jioni wakiingia zizini, asiyekuwepo namjua. Wewe ukitafuta ishirini ukapata kumi na tisa, bado hujajua aliyepotea ni yupi."

Aliposhuka Londiani bado nilikuwa natafuta jibu la hoja hiyo, na mpaka leo sijaona kasoro yake.

Kabla ya hapo, tangu Salgaa kwenda Mau Summit, tulikuwa tumepita magunia ya viazi yaliyopangwa kando ya barabara. Mengine yalikuwa lumbesa: gunia limejaa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba cha wavu na kushonwa juu. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, na mizani ndiyo itumike. Lakini bei ya shambani ikipatanwa kwa gunia, "gunia moja" huwa ni lolote mnunuzi atakaloweza kushindilia. Mkulima wa Molo huhesabiwa kumi ilhali ametoa mzigo wa kumi na tano. Hapo idadi ni sahihi kabisa, na dhuluma imo ndani yake.

Kericho tulipita upesi, mvua ikinyesha juu ya majani chai. Nilichokitazama ni namba za kaunti. Nakuru ni ya 32, Kericho ya 35, halafu ukivuka mpaka unaingia Kisumu, ya 42. Orodha iliyo kwenye Jedwali la Kwanza la Katiba ya 2010 huanza na Mombasa, ikazunguka nchi nzima, ikaishia Nairobi, ya 47. Namba hizo hazipimi ukubwa wala cheo. Ni mwendo wa kalamu ya mtu aliyeamua kuanzia baharini.

Awasi akapanda mama mmoja na kapu lake, akapiga simu kumwambia mtu kwa Kijaluo kwamba atafika sokoni leo, Tich Adek. Ilikuwa Jumatano. Nikamwomba anihesabie wiki nzima, naye akafanya hivyo kwa furaha: Jumatatu ni Wuok Tich, siku ya kutoka kwenda kazini, Jumanne ni Tich Ariyo, kazi ya pili, na hivyo hivyo hadi Ijumaa, Tich Abich, kazi ya tano. Sisi kwa Kiswahili tunaanzia mahali pengine kabisa. Ijumaa ni siku ya sala, na siku inayoifuata ndiyo ya mosi. Kwa hiyo siku ileile ni ya tano kwangu na ya tatu kwake. Tena Kiswahili kina tano mbili zinazofuatana: Jumatano iliyohesabiwa kutoka Jumamosi, na Alhamisi, tano ya Waarabu, iliyohesabiwa kutoka Jumapili.

"Kwa hivyo nyinyi mnahesabu kutoka msikitini," mama akasema, "na sisi kutoka shambani."

Yeye ndiye aliyenipeleka Kibuye, soko kubwa la Kisumu. Pale omena, wale dagaa wa ziwani, hupimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, ingawa omena ni wepesi na mkebe uliojaa haufikii kilo hizo. Ngege, yaani tilapia, huhesabiwa mmoja mmoja, na muuzaji aliwahesabu akiwatupia kwenye beseni: achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich. Baada ya hapo mkono umeisha vidole, na hesabu inarudi mwanzo ikiwa imebeba tano: auchiel ni tano na moja, abiriyo ni tano na mbili.

Jioni nikaendelea hadi Maseno, ambako kibao kando ya barabara kinaonyesha ikweta ilipopita. Hapo ndipo latitudo huanza kuhesabiwa, sifuri yenyewe. Nilimwomba kijana wa boda anichukue asubuhi saa kumi na mbili. Akakataa: "Saa hizo bado ni giza, bro."

Ana haki. Saa zetu za Kiswahili huhesabu kutoka mapambazuko, na saa moja ingepaswa kuwa saa nzima tangu jua litoke. Lakini saa ya Afrika Mashariki imetangulia ile ya Greenwich kwa saa tatu, yaani imefuata longitudo ya digrii 45 mashariki, inayopita karibu na Mogadishu. Kisumu iko karibu na 35. Kila digrii ni dakika nne, kwa hiyo jua la Kisumu huchelewa saa ya ukutani kwa dakika 40 hivi, na la Mombasa kwa dakika 20 tu. Watoto wawili wakiambiwa wawe darasani saa moja kamili, mmoja Mombasa na mwingine Busia, mpakani na Uganda, wa Busia atatembea gizani dakika 20 zaidi, kila siku ya masomo. Ningependa wanaopanga ratiba za shule waje wasimame barabarani huku saa kumi na mbili asubuhi.