Kabla ya kuilaumu aktini, mtazame kungwi wake

Upande wa seli ya utumbo mdogo unaokutana na chakula umejaa vijidole vilivyosimama kama brashi. Kila kijidole kina urefu wa mikromita 1 hivi, na ndani yake mna nyuzi 20 hadi 30 za aktini, protini inayojenga kiunzi cha seli, zilizofungwa pamoja kwa protini za vilini na fimbrini. Vijidole vikifupika, mwili hufyonza chakula kidogo. Hapo wengi hukimbilia kupima aktini. Mimi naona tuanze na chaperoni, yaani protini zinazosaidia protini nyingine kujikunja na kudumu katika umbo sahihi; ndizo ninazoziita kungwi.

Aktini haiwezi kujikunja peke yake ikapata umbo sahihi. Ikitoka kwenye ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, hupokewa na chaperoni iitwayo prefoldini, kisha hukabidhiwa nyingine, CCT, pipa la pete 2 lenye vipande 8 kila pete. Humo ndani, kwa nguvu ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, ndipo inapokaa sawa. Hii ni kazi ya kungwi hasa: humfunda mwari faraghani, akishaiva humtoa, naye habaki kwenye ndoa.

Miosini, protini inayovuta nyuzi za aktini, nayo ina kungwi wake, UNC-45A. Watoto waliorithi kasoro za jeni hiyo huweza kuharisha tangu uchanga, nyongo ikakwama, masikio yakawa mazito, mifupa ikavunjika kirahisi. Kasoro moja, viungo vinne!

Nyuzi za aktini zilizokwisha kujengwa hulindwa na chaperoni nyingine, Hsp27. Seli ikipata msukosuko, kimeng'enya p38 huamsha kingine, MK2, nacho huibandika Hsp27 fosfati kwenye serini (aina ya asidi amino) za nafasi ya 15, 78 na 82. Mafungu makubwa ya Hsp27 huvunjika kuwa madogo, na nyuzi za aktini huimarika. Kwa hiyo ukipima jumla ya Hsp27 bila ile yenye fosfati, utadhani hakuna kilichotokea.

Kwa jaribio la joto, acha seli za Caco-2, seli za saratani ya utumbo mpana wa binadamu zinazokuzwa maabara, zikae siku 21 hivi baada ya kujaza sahani, hadi zioteshe vijidole. Zipashe nyuzijoto 42 kwa saa 1, zirudishe 37, na uzipe saa kadhaa zitengeneze Hsp70, chaperoni ya kinga, kabla ya kutia kemikali ya kuziunguza kwa oksijeni. Ukiitia papo hapo, unapima seli iliyochoka, ambayo bado haijapata kinga. Mwishoni zigandishe umbo lake, si kwa baridi bali kwa dawa ya paraformaldehaidi ya asilimia 4, wala si methanoli: methanoli huharibu umbo la nyuzi, faloidini, sumu ya uyoga inayotiwa rangi ili kuonyesha aktini, ikakosa pa kushika, nawe ukaandika kwamba aktini imetoweka, kumbe umeiharibu mwenyewe.