Punda wa Binami

Pale matangani, Shella ya Malindi, karibu kila aliyenipa mkono aliniuliza, "Pikipiki?" Nikijibu, "La, sukari," mtu ananitazama kama ninayemficha jambo. Binami yangu alipanda pikipiki zaidi ya miaka ishirini, na kwa midomo yao walikuwa washamzika barabarani zamani.

Lakini ukweli wenyewe una kona. Sukari ilikuwa imemtia ganzi miguuni bila yeye kujua. Siku moja akakaa na kifundo cha mguu wa kulia kimegusana na ekzosi, bomba la moshi la pikipiki, mpaka akanusa. Akanusa, hakuhisi. Sisi tuliozoea kupakiwa wengi wetu tuna alama ya ekzosi, inapona, unaisahau. Yake haikupona, maana mwenye sukari mara nyingi damu haimfiki miguuni sawasawa. Kilikaa kile kidonda miezi saba.

Punda ndilo jina tulilompa ile Yamaha DT 125 yake, kwa sababu haendi bila teke. Kiki yake, kile chuma unachokikanyaga ili awake, iko kulia, yaani mguu ule ule. Basi jioni binami hukaa barazani, mguu juu ya kigoda, Punda chini ya mwarobaini, akaniambia: "Hebu mpige kiki, nimsikie tu."

Mimi pikipiki sijui. Nimekaa nyuma yake tangu ujana. Nikamwambia kesho. Mara ya pili nikamwambia tungoje upepo utulie, mchanga utaingia kwenye injini. Uongo mtupu. Niliona haya, mtu wa miaka arubaini na moja, kurukaruka juu ya chuma mbele ya watoto. Mara ya tatu hakuniambia.

Baada ya arubaini yake nilikwenda kwa shemeji kuomba niuziwe Punda. Nilidhani ni jambo la mimi na yeye tu. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani akanikalisha kitako: madeni ya marehemu yashalipwa, sasa Punda ni wa warithi wote. Tukakubaliana shilingi 48,000, akazigawa mbele yetu. Mjane thumuni, yaani moja kwa nane, 6,000. Mama mzazi sudusi, moja kwa sita, 8,000. Zilizobaki 34,000 ni za watoto: mvulana 17,000, na wasichana wawili 8,500 kila mmoja. Mama akazisukuma zake zikarudi kwangu juu ya mkeka. "Hizo mtilie mafuta."

Makaratasi ya kubadilisha jina sitayaeleza. Nilizungushwa miezi, na nikianza kuyasimulia damu yanipanda.

Punda alikuwa hajawaka karibu mwaka mzima. Fundi mmoja wa Maweni alipofungua kabureta, petroli ilikuwa imekauka ikawa gundi. Akachukua chelewa kwenye ufagio, akazibua vitundu kimoja kimoja. Nilipompa waya alicheka: waya unalipanua tundu, halafu pikipiki inakunywa mafuta mpaka uuze nyumba. Ndani ya ekzosi nyigu walishajenga. Spoki zimeliwa na chumvi ya bahari, tukabadilisha nusu. Na DT ni tusitroki, injini ya mapigo mawili, lazima inywe oili pamoja na petroli. Ana tangi dogo la oili na pampu ya kuichanganya, lakini pampu ilishakufa. Kwa hiyo nachanganya kwa mkono, mililita 40 kwa kila lita ya petroli. Ukisahau, pistoni inakwama. Vijana wa bodaboda hupita na Boxer zao, wakiuona ule moshi wa buluu huuliza kama naungua.

Hawamjui Punda. Kabla kodi ya VAT haijaondolewa kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, mtaani kwetu zilikuwa chache hivi kwamba anayepita ulimtambua kwa mlio. Binami akikata kona ya msikiti, mamake ashainjika chai.

Nikajiandikisha kujifunza, nikatafuta leseni ya A2, ile ya pikipiki. Ile ya gari niliyokuwa nayo haikunifaa kitu. Kuendesha nilikuweza baada ya kuanguka mara mbili mchangani. Kilichonishinda ni kiki. Nilipiga mpaka soli ya kiatu ikabanduka, na mara moja kiki ikarudi ikanigonga ugoko, nikakaa chini machozi yananilengalenga. Fundi alieleza, sikuelewa.

Jibu nilikuwa nalo. Mtu uliyepakiwa naye miaka yote hiyo, mgongo wake unaujua kuliko uso. Wa kwake nikifumba macho nauona, shati limejaa upepo. Nikakumbuka kwamba kabla Punda hajawaka, bega lake la kulia lilikuwa likishuka polepole, likisita kidogo, kisha ndipo mwili wote unashuka kwa mkupuo mmoja. Kusita kule ni kwa nini, sikuwahi kumuuliza. Kumbe alikuwa akiitafuta pistoni: unakanyaga taratibu mpaka usikie imekaza, hapo ndipo unapiga. Nikashusha bega, nikasita, nikapiga.

Akawaka. Shemeji alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akarudi ndani bila neno. Nilimwacha Punda angurume pale chini ya mwarobaini mpaka jirani akagonga geti. Baraza lilikuwa tupu. Sina la kusema juu ya hilo.

Jumamosi iliyofuata nilimpakia yule mvulana, ana miaka kumi na miwili, kofia ngumu kila mtu na yake, tukaelekea Mambrui, kama kilomita kumi na tano, njia ambayo babake alikuwa akinipeleka kula samaki. Kusi lilikuwa linatusukuma kutoka nyuma, Punda akajiona kijana. Darajani Sabaki tukasimama. Mto umejaa, mwekundu wa udongo wa bara, na bahari yote ya mbele imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nikapiga kiki tena. Akakubali mara ya kwanza.

Kijana alipanda, akajisogezasogeza nyuma yangu.

"Ami, hebu pakata begi lako huko mbele. Siegemei vizuri."

Nikalihamisha.