Viatu vya Selotepu

Mwaka 2014 nilikuwa Tokyo kwa kozi fupi. Jumapili moja mwenzangu wa bwenini, Mtanzania, akaniburura hadi Harajuku. "Twende ukawaone wazee wa vitana," akaniambia. Nilimwelewa tulipofika kwenye lango la bustani ya Yoyogi.

Wanaume kadhaa, wengine rika la baba yangu, walikuwa wakicheza duara kuzunguka spika. Makoti meusi ya ngozi, jinzi zimekunjwa pindo, nywele zimepakwa mafuta na kuinuliwa mbele kama kishungi cha jogoo. Na hiyo miguu! Walisaga lami kwa ncha na visigino, wakajitupa magotini, wakainuka kabla hujapepesa macho.

Muziki wenyewe niliujua nusu. Rokabili ilizaliwa kusini mwa Marekani miaka ya 1950, vijana wa kizungu walipochanganya kantri na bluzi ya watu weusi. Kantri sisi Wakenya tumekulia nayo. Mzee wetu alikuwa na kaseti za Jim Reeves. Kilichonishika ni lile besi kubwa la kusimama, linalochapwa hadi nyuzi zinagonga ubao. Elvis aliporekodi kwa Sam Phillips, mwenye studio kule Memphis, Julai 1954, walikuwepo Scotty Moore kwenye gita na Bill Black kwenye besi, basi. Ngoma hakuna, mdundo ukabebwa na besi. Wimbo waliorekodi, That's All Right, ulikuwa wa Arthur Crudup, mpiga bluzi mweusi. Hata mashati Elvis aliyafuata kwenye duka la Lansky, Beale Street, mtaa wa watu weusi. Watu wanakumbuka nywele, hilo wanalisahau, na nilikuwa nikimlalamikia mwenzangu juu yake mchezo uliposimama.

Mzee mmoja akaja kukaa karibu nasi. Akachomoa kitana mfukoni, akajichana bila kioo, taratibu, mpaka kila unywele ukakaa. Kisha akavua kiatu. Sehemu yote ya mbele ilikuwa imeviringishwa selotepu nene ya kijivu, tabaka juu ya tabaka. Akabandua iliyolika, akakata nyingine kwa meno, akaizungusha na kuikandamiza kwa dole gumba. Nikamuuliza kwa ishara mbona hanunui vipya. Akaonyesha lami, akacheka.

Papo hapo spika ikaanza Blue Suede Shoes, aliourekodi Carl Perkins huko huko Memphis, Desemba 1955: kijana anaonya kwamba umfanye lolote, ila usimkanyagie viatu vyake vya buluu. Nikaitazama ile selotepu, kicheko kikanitoka. Mzee akageuka. Nikaonyesha spika, nikaonyesha kiatu chake. Akajipiga paja, akawaita wenzake, akawaeleza kwa Kijapani, nao wakaninyooshea miguu mmoja mmoja. Vyote selotepu. Kimoja, ya buluu.