Nilivyompata baba wa babu kwenye makaratasi, Tanga

Kwetu kila mtu anasema baba wa babu alifariki enzi za Mjerumani, ukiuliza mwaka gani kimya, na kuna kiwanja Ngamiani ndugu wanakigombania kwahiyo ilibidi tujue. Nikaanza na shangazi wa Pongwe maana ndo anaetunza kasha la wazee, humo ikatoka karatasi ya mirathi ya kwa liwali, Kiswahili kabisa ila herufi za Kiarabu, pembeni mchwa washakula. Maalim wa madrasa akanisomea taratiibu, jina lake, la babake, watoto na mafungu yao, na mabinti wote wamo (hapo baba wakubwa walitulia tuli).

Mwaka umeandikwa 1337, wa Hijria bwana! Ukigeuza ni kati ya Oktoba 1918 na Septemba 1919, na Muingereza kaingia Tanga Julai 1916, sasa huyo utamtafutaje kwenye vifo vya wakati wa Mjerumani? Nikaenda Nyaraka za Taifa, Dar, nikaomba mafaili ya viwanja vya Tanga ya Muingereza na nikamkuta, jina na la babake vilevile kama kwenye mirathi. Ukilazimika kuingia ya Mjerumani angalia tahajia, Juma anaweza kuwa Djuma, sh wanaandika sch, ukitafuta kwa tahajia yetu unaweza kumpita.

Nakala tumegongesha muhuri, mwanasheria keshazipeleka baraza la ardhi.