Shemeji, usinunue ubao wa futi nane

Shemeji yangu yuko Dar, ana kilo 92 na ana haraka. Juzi alinitumia picha ya ubao wa kusimama na kupiga kasia, ule wa kuchezea mawimbi: futi 8 na inchi 2, lita 110, rangi ya chungwa, pua imechongoka kama imenolewa. Chini yake sauti fupi: "Shemeji, muuzaji kasema huu ndio wenyewe wa mawimbi. Nauleta kwa basi, mwezi wa saba tunaingia nao ziwani." Nikamjibu asilipe kwanza. Akataka sababu, na kwa kuwa maelezo yenyewe hayaingii kwenye sauti ya WhatsApp, nayaandika hapa, maana vijana wawili watatu wa huku nao wameanza kuniuliza hayohayo.

Mimi ni fundi wa boti, Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Kazi yangu ni mashine na fibaglasi, na mbao hizi ziliniingilia kwa mlango wa ufundi. Mgeni mmoja aliacha wake umepasuka ubavuni baada ya kuupigiza kwenye miamba ya upande wa Bangwe, akasema ukipona utumie. Ukapona. Halafu mwaka 2024 ziwa likafungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mashine zikashushwa kwenye mitumbwi, na fundi wa mashine akabaki na muda mwingi kuliko alivyozoea. Miezi hiyohiyo ndiyo ya upepo.

Turudi kwenye lita 110. Watu wanauliza futi, lakini swali la kwanza ni lita, yaani ujazo wa ubao. Lita moja ya maji ya ziwa ni kilo moja, tofauti yake haina maana hapa. Ubao wa lita 110 ukizama wote unabeba kilo 110, hauongezi. Sasa tutoe. Ubao wenyewe kilo 9. Shemeji 92. Kasia, jaketi la kuokolea na kaptula iliyolowa, tuseme kilo 3. Zimebaki 6. Maana yake, shemeji akisimama katulia, sehemu ya ubao itakayobaki juu ya maji ni lita 6, pungufu ya ndoo ndogo. Maji yatakuwa yanamlamba vifundo vya miguu, na kila wimbi dogo likipita litaupeleka ubao chini upande mmoja na yeye upande wa pili.

Kuna jambo ambalo muuzaji wa Dar hana haja ya kulijua. Lita ya maji ya bahari ni nzito kidogo kwa sababu ya chumvi, kama kilo 1.025. Ubao huohuo Kigamboni unabeba karibu kilo 3 zaidi ya huku. Kwa ubao mkubwa usingejali. Kwa mtu aliyebakiwa na akiba ya kilo 6, hizo 3 ni nusu ya alichonacho. Kwa hiyo anaweza kuujaribu baharini, akayumba yumba akasimama, akanunua kwa furaha, akaja kushangaa Ujiji.

Muuzaji hakudanganya, lakini. Mbao hizo kweli ni za mawimbi. Wanaojua hupanda ubao ambao lita zake zinakaribia kilo zao, kwa sababu ubao ukishakimbia, maji yenyewe yanaunyanyua, na mdogo unageuka haraka. Ndio unaowaona kwenye video za Hawaii, wanakata kushoto na kulia. Video hazionyeshi dakika kumi za kusimama unangoja. Mchezo huu sehemu kubwa ni kungoja: umesimama, unatazama nyuma, unarekebisha miguu, unapiga kasia mara mbili, unaacha, wimbi halikuwa lenyewe. Ubao wa kwanza uchaguliwe kwa ajili ya hizo dakika. Ukishindwa kusimama ukingoja, hata wimbi zuri litakukuta magotini.

Hesabu yangu ni hii, na ni makadirio ya fundi, si sheria. Kwa anayeanza na anataka mawimbi, chukua kilo zako zidisha kwa 1.7 au 1.8. Kama unataka maji yaliyotulia tu, kwenda na kurudi asubuhi, zidisha kwa 2. Shemeji anaangukia kwenye 155 hadi 165. Mimi wa kilo 70 niko vizuri kwenye lita 130, zimezidi hesabu kidogo tu. Mke wangu ana kilo 58 na anatosheka na 105. Na ujipime kweli. Usitaje kilo za siku ya harusi. Pale mwaloni, wanakoshushia samaki, kuna mizani ya kupimia magunia ya dagaa, panda, hakuna anayekuangalia. Wataangalia, ila panda.

Kama unanunua uliotumika, upime na ubao pia. Ndani ya mbao nyingi ngumu kuna povu jeupe, ndugu wa lile linalokuja na televisheni mpya ndani ya boksi. Ule wa mgeni ulikuwa na ufa usiozidi urefu wa kidole, lakini kwenye mizani ya dagaa ulizidi kwa mbali kilo zilizoandikwa ubavuni. Ulikuwa umekunywa maji. Nilitoboa tundu nyuma, nikausimamisha ukutani mkia chini, ukachuruzika siku kadhaa kabla haujakubali kukauka. Ubao wa namna hiyo umeandikwa lita 150 lakini hauzitoi zote, kwa sababu unabeba mzigo wake wa siri. Bonyeza kwa kidole gumba kuzunguka kila kiraka. Pakibonyea, teremsha bei au ondoka.

Mafundi wenzangu, hapohapo: kabla ya kuziba, chukua kipande cha povu na udondoshee tone la rezini ya poliesta, ile tunayozibia boti kila siku. Utaona povu linajikunja, linazama, linaacha shimo lenye kingo zinazonata. Tone la epoksi, rezini ya aina nyingine, linakaa juu kimya na kuganda. Epoksi ni ghali na Kigoma haipatikani kila duka, lakini kwa povu hilo hakuna njia ya mkato.

Baada ya lita, upana. Upana ndio unaokuzuia usiyumbe, na mbao mbili za lita sawa zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa: mmoja mrefu mwembamba wa inchi 28, mwingine mfupi kidogo wa inchi 32. Kwa ziwa letu ningesema inchi 31 au 32 kwa mwanamume wa kawaida, 30 kwa mtu mwepesi au mfupi. Mchana upepo unapochacha, maji hayaji kwa mstari. Yanakuja ya kusini, yanarudi yaliyogonga miamba, yanachanganyika na ya boti inayopita. Upana unayavumilia yote hayo. Tena mtu mrefu aongeze upana kabla ya urefu, uzito wake uko juu.

Usizidi, hata hivyo. Nilimwona kijana mfupi kwenye ubao wa inchi 34, kila akipiga kasia vidole vinagonga ukingo, na ili alifikie maji ilimbidi ainame pembeni, akawa anajiangusha mwenyewe. Kasia lisimame wima karibu na ubavu wa ubao. Ukiona mkono wa juu hauvuki kwenda nje ya ukingo, upana umekushinda.

Urefu nimeuacha nyuma makusudi. Hapa ndipo ziwa linapoachana na bahari. Mawimbi ya bahari yaliyotoka mbali hupishana kwa sekunde 8, 10, hata 15. Unapata muda wa kupumua. Ya Tanganyika ni ya upepo. Ziwa lina urefu wa kilomita zaidi ya 670, kiangazi upepo wa kusini unapata uwanja wa mamia ya kilomita wa kusukuma maji, na wimbi linafika kiunoni bila shida, lakini linafuatana na mwenzake kwa sekunde 3 au 4. Ni mafupi, yana mgongo mkali, na nguvu yake inaisha upesi. Mambo mawili yanatokea. Kwanza, unahitaji ubao wenye urefu wa kutosha kushika kasi mapema, maana wimbi halikubembelezi. Pili, ukiwa mrefu kupita kiasi, pua inaingia kwenye mgongo wa wimbi la mbele wakati mkia bado umepanda la nyuma, na unapinduka kwa mbele. Zile za futi 12 zenye pua kama ya mtumbwi, za safari ndefu, zinafanya hivyo kila mara.

Kwa hiyo futi 9 na nusu hadi 10 na nusu. Pua iwe ya duara na imeinuka kidogo, tumbo bapa, pezi moja kubwa katikati na madogo mawili ya pembeni yanayochomoka. Yachomoke, nasisitiza, kwa sababu fukwe nyingi za hapa ni mawe, na pezi lililogandishwa likigonga linang'oka na kipande cha ubao. Ndiyo maana wanaoanza nawapeleka Ujiji, mchanga unateremka polepole na ukianguka unaanguka kwenye maji tu. Epukeni palipoota matete na kwenye midomo ya vijito, kichocho hakijui mchezo.

Tatizo la futi 10 ni kufika Kigoma. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, na konda wa basi akiona kitu cha mita tatu ambacho hakikunjiki anataja bei kwanza, anafikiri baadaye. Ndipo watu wanapokimbilia ubao wa kujaza upepo, unaokunjwa ukaingia kwenye begi kubwa. Siukatai. Ila ukiwa dukani tupa kando hesabu yote ya lita niliyokupa. Ubao wa upepo wa futi 10 na nusu, inchi 32, unene wa sentimita 15, unaandikwa lita karibu 300, na mtu anadhani amepata meli. Lita hizo zinatokana na unene tu. Unaelea juu mno, upepo unaushika, na mbavu zake nene za mviringo haziwezi kuuma wimbi unapotaka kugeuka. Hapo tazama upana na urefu peke yake, na kama kilo zako ziko chini ya 75 tafuta wenye unene wa sentimita 12. Shemeji abaki na 15, wa 12 utamkunjika katikati. Jaza hadi kipimo kilichoandikwa kwenye valvu, mara nyingi 15 za psi, na usiuache juani umejaa. Hewa ikipata moto inatanuka na mshono ndio unaolipa.

Kwa pesa ileile aliyotaka kulipia ule wa chungwa, ningependa achukue mgumu uliotumika, futi 10, inchi 32, lita 160, hata kama una viraka. Viraka ni kazi yangu.

Muda wa kuingia: mchana, upepo ukitoka ziwani kuja nchi kavu. Alfajiri maji yanavutia, yametulia, lakini saa hizo upepo mara nyingi unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na mbele yako ni milima ya Kongo. Kamba ya mguuni iwe urefu sawa na ubao au izidi kidogo. Fupi inaurudisha ubao usoni kwako. Na Kibirizi penyewe msije kuchezea, pana kamba za nanga na nyavu kila mahali.

Kasia la mawimbi liwe fupi kuliko la maji matulivu: kimo chako ongeza sentimita 10, badala ya 15 au 20. Nunua linalorefushwa na kufupishwa. Bamba lake limepinda kidogo, na upande uliopinda unaelekea mbele, kinyume na mtu anavyodhani; ukilishika vizuri, bamba linaonekana kama linakukimbia. Wavuvi wa mwaloni wanalicheka, wao makasia yao yamenyooka. Mzee mmoja aliliazima, akapiga nalo toka jiwe hadi boti akiwa amesimama kwenye ubao wangu, hakuyumba hata kidogo, akanirudishia na kuniuliza kwa nini nimelinunua kwa hela.